Ombi Lililosomwa Ukutani

Mimi si mgomvi. Nafua mashuka ya hospitali tangu wanangu wakiwa wanatambaa, na katika chumba kile cha mvuke, mashine zikinguruma kutwa, watu hugombania ndoo, hugombania sabuni, hugombana kwa sababu fulani kaacha mlango wazi. Mimi hunyamaza. Nasali moyoni, naendelea kukunja. Nasema haya mapema ili anayesoma asidhani nimezoea kupandisha sauti mbele za watu. Nilipandisha mara moja, darasani, na nikirudishwa pale pale leo nitapandisha tena.

Darasa lenyewe ni la jioni, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Tunajifunza PHP, lugha ya kompyuta inayouwezesha ukurasa wa mtandao kupokea maneno ya mtu na kuyafanyia kazi, badala ya kukaa tu kama tangazo. Nilijiandikisha nikiwa na umri wa kulea wajukuu. Kijana wa mapokezi aliniuliza, "Mama, umekuja kumwandikisha nani?" Nikamwambia, "Mwandikishe huyu aliyesimama mbele yako."

Nilikuwa na sababu. Tuna kikundi cha sala, wanawake watupu, tunakutana sebuleni kwangu. Kila tukikutana nauliza nani ana ombi, na kila mara wanajitokeza wale wale wenye midomo myepesi: mtoto ana mtihani, paa linavuja, mwenye nyumba kawa mkali. Wenye mizigo mizito wanatazama vidole vyao vya miguu. Nikawaza, kungekuwa na ukurasa ambapo mtu anaandika ombi lake akiwa peke yake, hakuna anayemkodolea macho, nami peke yangu nalifungua na kuliombea, labda hao nao wangesema. Nililiombea jambo hilo kwa muda mrefu. Kisha nikaenda kujiandikisha, maana Mungu hakuniahidi kwamba atakuja kuniandikia hiyo programu.

Mwalimu wetu tulimpa jina la Songa Mbele. Ni kijana mtanashati, mwenye saa kubwa mkononi, na kazi yake anaijua, haki hiyo sitamnyima. Lakini ufundishaji wake ni wa namna moja tu. Anatuma mistari ya programu kwenye simu zetu, katika kundi la darasa, halafu anasema, "Nakili, bandika, songa mbele." Ukimuuliza neno fulani lina kazi gani, anaitazama ile saa.

Mimi nilikuwa nasali kabla ya kugusa kibodi. Sikupiga kelele, nilifumba macho tu. Nyuma yangu alikaa fundi wa kutengeneza simu, tulimwita Fundi Simu, kijana wa maneno mengi.

"Bibi, usiizidishie sala hiyo mashine," alikuwa akisema. "Itaokoka, ikatae kazi za dunia."

"Bora ikatae kuliko hiyo yako inayokubali kila ujinga," nilimjibu, na darasa likacheka, naye akacheka kuliko wote. Kicheko cha namna hiyo hakijawahi kuniumiza.

Sasa, siku tuliyofundishwa fomu, Songa Mbele alitutumia mistari yake, tukanakili, tukabandika. Ukurasa ukatokea: kisanduku cha jina, kisanduku cha maneno, na kitufe cha kutuma. Nikaandika jina langu, nikaandika "najaribu, najaribu", nikabonyeza. Ukaja ujumbe kwamba maneno yamepokelewa. Karibu nipige vigelegele. Lakini nilipoinua macho nikaona kitu. Kule juu, pale panapoandikwa anwani ya ukurasa, maneno yangu yalikuwa yamejipanga yote, yameunganishwa kwa alama za kujumlisha: najaribu, alama, najaribu.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona nilichoandika kinaonekana huku juu?"

"Ndiyo vizuri, Bibi. Unajua kimefika."

"Na hili neno GET kwenye fomu, ndilo linalofanya hivyo?"

"Liache lilivyo. Kuna njia nyingine ya kutuma, tutaifikia muhula ujao." Akaitazama saa. "Songa mbele."

Nikasonga. Yeye ni mwalimu, mimi ni nani? Nilifikiri kama kuna hatari angesema.

Katika kikundi chetu cha sala yumo Mama Pacha. Tunafanya kazi pamoja pale kwenye mashuka. Mimi nakunja, yeye anapiga pasi. Namwita mdogo wangu, ananiita dada, ingawa hatuna undugu wa damu. Huyu ndiye bingwa wa kutazama vidole vya miguu. Nilimweleza kuhusu ukurasa wangu, akaniuliza maswali mengi kuliko kawaida yake, na jioni moja tulipotoka kazini akaniambia, "Dada, nipeleke nikauone."

Tukafika darasani mapema, hakuna mtu. Nikawasha kompyuta yangu, ile ya mbele kabisa, maana macho yangu yanapenda kukaa karibu na ubao. Akaketi. Akavitazama vile visanduku kama mtu anayechungulia kisima.

"Nikiandika hapa, nani ataona?"

"Wewe, mimi na Mungu."

"Basi usome ukiwa peke yako. Sitaki kukuona unavyonitazama."

Nikageukia dirishani. Nilimsikia akiandika kwa kidole kimoja, tok, tok, akifuta, akirudia. Alipobonyeza kutuma, nikaufunga ukurasa bila kuusoma, nikijua nitaufungua baadaye nikiwa nimejiandaa kwa sala. Akanishika mkono, akaondoka haraka kama aliyeacha sufuria motoni.

Wanafunzi wakaingia. Songa Mbele naye akaingia, akiwa amekasirika, kwa sababu kompyuta yake ilikuwa imegoma kuwaka.

"Bibi, nipishe kidogo," akasema. "Nitafundishia yako."

Akachomeka waya wa projekta kwenye mashine yangu. Ukuta mzima ukajaa mwanga. Nikasogea pembeni nikiwa na furaha ya kijinga kwamba mashine yangu ndiyo itakayotumika kufundishia darasa.

Kompyuta ina tabia moja. Ukianza kuandika anwani, inakukumbusha kule ulikowahi kupita. Songa Mbele aliandika herufi chache tu, na chini yake ikashuka anwani ndefu, ndefu mno. Alama za kujumlisha zimejaa kama mchanga kwenye mchele. Akatabasamu.

"Haya, jamani. Tumepata mfano mzuri."

Angeishia hapo ningemsamehe. Lakini aliifungua. Akainakili ile anwani yote, akaibandika kwenye ukurasa mtupu, akazikuza herufi mpaka hata aliyekaa mlangoni angesoma. Halafu akaanza kuisoma kwa sauti, pamoja na alama zake.

"Jina: Mama jumlisha Pacha. Ombi: Ee jumlisha Mungu jumlisha wangu..."

Darasa likacheka. Naye, kama mchekeshaji aliyepata watu wake, akaongeza madoido.

"...jumlisha uvimbe jumlisha huu jumlisha kwenye jumlisha titi jumlisha langu..."

Kicheko kikapungua. Binti mmoja aliyekaa karibu nami akaziba mdomo. Songa Mbele alikuwa ameshanogewa, anasoma maneno bila kusikia maana yake, kama anavyotufundisha.

"...usiwe jumlisha kama jumlisha ule jumlisha uliomchukua jumlisha mke jumlisha wa jumlisha kwanza jumlisha wa jumlisha mume jumlisha wangu. Nipe jumlisha nguvu jumlisha nimwambie jumlisha mwenyewe jumlisha majibu jumlisha yakitoka."

Nilikuwa nazipata habari za uvimbe ule wakati mmoja na watu wote waliokuwamo chumbani. Najua mumewe alizika mke wa kwanza. Mtaa mzima unajua alivyokaa bila kunena na mtu miezi mingi. Nikaelewa papo hapo kwa nini mdogo wangu amenyamaza. Hakutaka mwanamume yule aanze kuzika kwa mawazo kabla majibu hayajatoka. Alitaka kumwambia yeye, kwa mdomo wake, kwa wakati wake. Hilo tu ndilo alilomwomba Mungu pamoja na uzima. Na sasa lilikuwa ukutani.

Nikaenda kusimama mbele ya ukuta. Sikufikiri. Maneno yakanimwagikia usoni na kifuani, mwanga ukaniumiza macho, simwoni mtu.

"Zima," nikasema.

"Bibi, ni mfano tu."

"Mfano wa nini?"

"Wa kosa. Taarifa za siri hazitumwi hivi. Kila mtu anaweza kuziona. Ndiyo maana nawaonyesha..."

"Hivi ulivyotufundisha wewe!" Sauti yangu ilitoka kubwa mpaka nikaisikia ikigonga dirisha. "Nilikuuliza mbele ya darasa hili hili. Nikakuambia maneno yanaonekana juu. Ukaniambia ndiyo vizuri! Ukaniambia njia nyingine ni ya muhula ujao! Leo umeipata siri ya mtu kwa sababu ya mistari uliyotutumia wewe, na badala ya kuifunika unaifanyia vichekesho?"

"Mama, tusikuze mambo. Hakuna anayemjua huyo Mama Pacha."

"Mimi namjua."

Aliyesema si mimi. Ni Fundi Simu, kutoka nyuma. Alikuwa amesimama, na ule uso wa utani haukuwapo.

"Ni shemeji yangu," akasema. "Mke wa kaka yangu. Huyo mke wa kwanza, marehemu, ndiye aliyenilea." Muda wote wa darasa sikuwa nimeujua undugu huo.

Songa Mbele akabonyeza bonyeza, ukuta ukawa mweupe. Akafungua mdomo, na neno alilolipata, katika maneno yote aliyonayo, lilikuwa, "Sawa, tuendelee." Mungu anisamehe, nilitamani kumtupia kibodi.

Fundi Simu hakungoja. Alitoka na simu mkononi. Nikachukua mkoba wangu nikamkimbilia, magoti yakilia, nikamkuta kwenye ngazi, kidole kiko juu ya jina la kaka yake.

"Usipige."

"Bibi, niache."

"Usipige, mwanangu. Umesoma mwenyewe anachoomba. Anaomba amwambie yeye."

"Kaka atajua kesho! Darasa zima limesoma. Unadhani wale watanyamaza? Yule wa mapokezi peke yake ni redio." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Mara ya kwanza walimficha hivi hivi. Alipoambiwa, marehemu alikuwa hawezi hata kukaa. Hajamsamehe mtu mpaka leo."

Nikafumba macho pale kwenye ngazi, harufu ya magodoro mapya ikipanda kutoka dukani, nikamwambia Mungu wazi kwamba sijui la kufanya na kwamba nimekasirika naye pia, kwa kuwa aliona na hakukata umeme. Nilipofumbua macho, Fundi Simu alikuwa bado hajapiga.

"Ni kweli lazima ajue leo," nikamwambia. "Lakini si kwako, wala si kwangu. Twende kwao sasa hivi. Mkewe atangulie kuambiwa kilichotokea. Akishasikia, aamue yeye. Nipe muda huo tu."

Akaitia simu mfukoni. "Akikataa kusema?"

"Tutavuka mto tukiufikia. Twende."

Nyumba yao haiko mbali. Baba Pacha ni dereva wa lori, na bahati yetu au mkosi wetu, siku hiyo alikuwa nyumbani. Tulimkuta sebuleni ananyoa ndevu mbele ya kioo kilichoegemezwa kwenye redio, huku wale mapacha wakibishana juu ya rula.

"Karibuni, karibuni! Dada, leo umetoroka shule?" akasema, povu likiwa limejaa kidevuni. "Na wewe, dogo, mbona umenuna kama simu imeingia maji?"

"Njaa tu, kaka," Fundi Simu akajibu, akaketi kando ya mapacha, akaishika ile rula asijue ya nini.

Nikapita moja kwa moja jikoni. Mama Pacha aliponiona alitabasamu, kisha tabasamu likakatika.

"Umelisoma," akasema kwa sauti ya chini.

"Mdogo wangu, kaa."

"Sikai. Sema."

Nikamwambia yote. Sikujificha nyuma ya mwalimu. Nilimwambia mashine ilikuwa yangu, ukurasa ulikuwa wangu, na kwamba niliona maneno yanatokea juu na nikasonga mbele. Nikamwambia nani alikuwamo chumbani. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko, na nilipofika mahali pa kicheko, akauweka mwiko juu ya meza taratibu sana, kama kitu cha kioo.

"Walicheka?"

"Walicheka mwanzoni. Hawakuwa wameelewa."

"Uliniambia wewe, mimi na Mungu."

"Nilikuambia."

"Miaka yote hii natazama miguu yangu sebuleni kwako, dada. Miaka yote! Siku niliyofungua mdomo, unanipeleka ukutani." Alikuwa ananong'ona kwa sababu ya watu wa sebuleni, na kunong'ona kule kulinichoma kuliko makelele. "Na huyo mtoto aliyesoma, ana mama?"

"Sijui."

"Ana dada? Ana mke? Anajua titi ni nini, au kwake nalo ni alama tu?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Akainama akashika ukingo wa meza, nami nikanyoosha mkono nimshike bega, akaukwepa. Nilistahili.

"Majibu ni Alhamisi," akasema. "Nilitaka niwe na karatasi mkononi. Nimwambie ama hakuna kitu, ama kipo na dawa ni hizi. Sasa nitamwambia nini? Sijui chochote!"

"Mwambie hujui."

Akanitazama. "Hivyo hivyo?"

"Mara ya kwanza alifichwa. Shemeji yako kaniambia. Hiyo ndiyo inayomuuma mpaka leo."

Kutoka sebuleni tulisikia pacha mmoja anasema, "Baba mdogo, hiyo rula unaivunja." Mama Pacha akavua aproni, akaikunja vizuri kama tunavyokunja kazini, pembe kwa pembe. Kisha akatoka. Nilimsikia akimwambia mumewe, "Baba Pacha, nawa hilo povu, njoo chumbani."

"Kuna nini?"

"Njoo."

Mlango ukafungwa. Nikabaki nimesimama jikoni, nikazima jiko maana mboga ilikuwa inaungua. Nilitaka kusali, nikakuta kila neno ninaloanza nalo linaishia kwa yule kijana na saa yake. Nikajaribu hivi, nikajaribu vile. Nikaishia kusema, "Wewe unajua," basi.

Kutoka chumbani haikusikika sauti yoyote, kisha ikasikika ya mwanamume, nzito, neno moja, kama mtu aliyekanyaga moto. Fundi Simu akainuka. Nikamwonyesha kwa mkono akae. Akakaa.

Mlango ulipofunguliwa, Baba Pacha alitoka na povu likiwa limemkaukia upande mmoja wa shavu. Macho yalikuwa mekundu. Alimtazama mdogo wake.

"Ulijua?"

"Tangu jioni hii, kaka."

"Hukunipigia."

"Bibi kanizuia. Kasema si yangu kusema."

Akanigeukia. Nikajiandaa kwa lolote. Lakini alichosema kilikuwa, "Huyo mwalimu anakaa wapi?"

"Baba Pacha," mkewe akamwita kutoka ndani.

"Nauliza tu anakaa wapi! Mtu anasoma sala ya mke wangu kama matokeo ya mpira!"

"Rudi hapa. Hatujamaliza."

Akasimama kati ya mlango wa nje na wa chumbani, mwili mzima ukimvuta huku na huku. "Alhamisi nakupeleka mimi," akasema, si kwetu, kuelekea chumbani. "Lori lisubiri. Lipakiwe na mwingine." Kisha akarudi ndani, na mlango ukafungwa tena, safari hii taratibu.

Mama Pacha hakutoka kuniaga. Alinipigia kelele tu kutokea ndani: "Dada, wape watoto chakula, kisha uende." Nikawapakulia. Alikuwa hajanisamehe, lakini alikuwa ananituma, na mtu hamtumi yule aliyemfukuza. Nilishikilia hilo.

Tulitoka na Fundi Simu. Maduka yalikuwa yanafunga, watu wanaburuta milango ya mabati.

"Bibi, darasani utarudi?"

"Nitarudi. Kipindi kijacho nitakaa pale pale mbele. Kabla hajatutumia mstari wowote ataomba radhi, kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale. Asipoomba nitasimama mbele ya ukuta wake mpaka kipindi kiishe."

"Mimi nitasimama na wewe."

"Halafu atatufundisha hiyo njia nyingine. Siku hiyo hiyo."

Akatikisa kichwa kukubali. Tukapita mbele ya duka la viatu, kinyozi, duka la rangi. Kisha akaniuliza kwa upole, bila utani hata kidogo, "Na huyo mwalimu, utamwombea? Maana wewe unatuombea sote."

"Nitamwombea."

"Basi tumwombee sasa, tukitembea."

Nikasimama, nikafumba macho katikati ya njia. Nikavuta pumzi. Nikafumbua.

"Sasa hivi siwezi, mwanangu," nikamwambia. "Nitamwombea mabaya."

Akanishika mkono kunivusha barabara, na huko upande wa pili nikajaribu tena.